Kuanzisha shule ndogo ya Montessori mtaani: chumba kimoja, watoto ishirini

Hapa Dar es Salaam, ukitoka Mbezi Mwisho kuelekea Goba, au ukivuka kwenda Kigamboni ukapita Kibada, hukosi bango la nasari lenye neno Montessori, picha ya mtoto aliyevalishwa joho na namba mbili za simu. Neno lenyewe halina mwenyewe. Marekani iliamuliwa tangu 1967 kwamba hilo ni jina la mtindo wa elimu, na hakuna chama kinachoweza kulishikilia kama alama yake ya biashara. Kwa hiyo bango halimwambii mzazi lolote. Atakachokijua atakijua akichungulia dirishani saa tatu na nusu asubuhi: je, kila mtoto ana kazi yake mkononi na mwalimu hasikiki, au wote wamekaa mistari wakiimba "a, e, i, o, u" huku fimbo ikigonga ubao?

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufungua shule ya aina ile ya kwanza, kwenye nyumba ya kawaida ya pembezoni mwa jiji, kwa pesa ya kawaida. Usitishwe na picha za shule za Ulaya zenye sakafu za mbao na rafu zinazong'aa. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa vibarua jijini Roma, ndani ya jengo la wapangaji. Watoto walikuwa wapatao 50, na wazazi wao walishinda kazini. Nakuru, Kenya, shule za Montessori za Corner of Hope zilianzia kwenye makazi ya watu waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, na wakazi wenyewe ndio waliofundishwa ualimu. Mtindo huu ulizaliwa kwa maskini. Ughali uliongezwa baadaye.

Hatua ya 1: Mwalimu kwanza, nyumba baadaye

Wengi huanza na nyumba, wakapaka rangi, wakachora Tom na Jerry ukutani, kisha wiki moja kabla ya kufungua wanaulizia mwalimu. Geuza mpangilio huo. Vifaa vya Montessori bila mwalimu aliyefunzwa ni midoli ya mbao ya bei mbaya, na mwezi wa tatu utavikuta vimechanganywa vyote kwenye ndoo moja.

Tanzania tuna bahati ambayo majirani wengi hawana: masista wa Kikatoliki wamekuwa wakifundisha ualimu wa Montessori kwa miaka mingi, na vyuo vya Msimbazi jijini Dar es Salaam, Lushoto na Mtwara vinajulikana. Kama una muda, nenda ukasome mwenyewe. Kama huna, ajiri mhitimu, na usimwajiri kwa cheti peke yake. Mwombe albamu zake, yaani yale majalada aliyoandika chuoni yenye maelezo na michoro ya kila somo. Mhitimu wa kweli anazo na anazitunza kama hati ya kiwanja. Kisha mpe trei yenye majagi mawili na maharage, mwambie akufundishe kumimina kana kwamba una miaka mitatu. Hesabu maneno yake. Akizungumza mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, huyo bado ni mwalimu wa ubaoni. Yule unayemtaka atanyamaza, atafanya polepole, macho yake yakiwa kwenye mikono yake ili na yako yaende huko huko.

Utahitaji pia msaidizi mmoja. Si lazima awe amesomea. Mama wa mtaani mwenye mikono mitulivu anafaa kuliko binti wa kidato cha nne asiyeweza kukaa dakika kumi bila kushika simu.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa sitakaa sana, maana fomu hubadilika na ofisi ndizo zitakazokuambia za mwaka huu. Jambo la kulijua mapema ni kwamba kuna milango miwili. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinapita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Darasa la awali linaloandaa watoto kuingia darasa la kwanza linapita Wizara ya Elimu, na utakutana na wathibiti ubora wa shule. Shule ya Montessori yenye watoto wa miaka mitatu hadi sita inagusa pande zote mbili, kwa hiyo nenda ukaulize kote kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Anza kwa mtendaji wa mtaa, akutambue. Bwana afya atataka kuona choo, maji na jiko. Watu wa zimamoto wataulizia mlango wa pili wa kutokea, na nyumba nyingi za kupanga hazina. Huo ndio ukaguzi wa kuufanya mwenyewe siku ya kwanza unapoonyeshwa nyumba na dalali.

Hatua ya 3: Chumba

Chumba kimoja kikubwa ni bora kuliko vitatu vidogo. Sebule na chumba cha kulia vikivunjwa ukuta wa katikati (kwa ruhusa ya mwenye nyumba, iliyoandikwa) vinatoa mita 6 kwa 8 hivi, na hapo watoto ishirini wanapumua. Baraza ni nyongeza ya thamani kubwa. Kivuli chake ndicho kitakuwa darasa la kufulia, kuosha meza na kupanda mchicha kwenye makopo.

Rafu ziwe wazi, bila milango, na zisizidi kiuno chako. Mtoto aone kila kitu na afikie kila kitu, na wewe ukisimama popote uone chumba kizima. Meza na viti viwe vyepesi kiasi kwamba mtoto wa miaka minne abebe kiti chake mwenyewe bila kukiburuta. Kikianguka kitapiga kelele, na kelele hiyo itamfundisha kuliko maonyo yako.

Kwa kazi za sakafuni, usinunue mazulia. Mikeka midogo ya ukili ya futi mbili kwa nne inatosha. Isimamishe ikiwa imekunjwa ndani ya tenga pembeni. Mtoto anachukua mkeka, anautandika, anaweka kazi yake juu, na kuanzia hapo eneo hilo ni lake. Wenzake wanapita pembeni, hawakanyagi. Kutandika na kukunja mkeka ni somo la kwanza kabisa, na usishangae likichukua wiki nzima. Watoto wa pwani hulishika upesi, maana nyumbani mkeka unatandikwa kila siku.

Ndoo ya maji yenye bomba iwe juu ya kigoda kifupi. Ukutani weka picha mbili au tatu tu, usawa wa macho ya mtoto. Tom na Jerry wabaki kwenye televisheni.

Hatua ya 4: Vifaa

Gawa orodha yako mafungu matatu: vya sokoni, vya fundi seremala, na vya kununua dukani.

Vya sokoni ndivyo vingi, na ndivyo vya kuanzia, kwa sababu miezi ya mwanzo ni kazi za maisha ya kila siku. Majagi mawili madogo ya kioo. Maharage, choroko, mchele. Ungo mdogo wa kuchambulia. Kinu kidogo na mchi wake. Ufagio wa chelewa uliokatwa mpini. Kisu butu cha kukatia ndizi mbivu. Kikamulio cha chungwa. Beseni, kipande cha sabuni ya mche na vitambaa vya kufua. Kufuli nne za ukubwa tofauti na funguo zake. Brashi na dawa ya viatu. Kanga iliyokatwa vipande vya mraba, vyenye mstari ulioshonwa kwa uzi pale pa kukunjia. Mbuzi ya nazi iache kwanza hadi uwe na watoto wa miaka mitano unaowaamini, na hata hapo kaa karibu.

Kila kazi iwe na trei yake, kamili, hadi kitambaa cha kufutia maji yakimwagika. Na kila kazi iwe moja tu chumba kizima. Wageni huona ni ubahili. La hasha: mtoto anayemtazama mwenzake akikamua chungwa, akasubiri hadi trei irudi rafuni, amepata somo la subira na hakuna aliyemhubiria. Vikombe viwe vya udongo au vya kioo. Ndiyo, vitavunjika, na bajeti ya vikombe iweke. Kikombe cha plastiki kinamfundisha mtoto kwamba kutupa hakuna matokeo.

Kwa fundi ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo niingie kwa undani. Mnara wa pinki ni michemraba kumi ya mbao: mdogo sentimita 1 kila upande, unaofuata 2, hadi wa mwisho 10. Ukipanga wote, unafika sentimita 55. Maelezo yanaonekana mepesi, na fundi atakwambia "hiyo kazi ya asubuhi moja, bosi." Shida ni msumeno, maana upana wa meno yake unakula mbao. Mwambie akate kwa kuzidisha, kisha apige randa na msasa hadi afike kipimo. Mbao iwe kavu kabisa. Mbichi kwa hewa ya pwani itajikunja. Siku ya kupokea mzigo nenda na rula na jaribu hivi: panga mnara huku kona moja ya michemraba yote ikiwa imelingana juu hadi chini. Upande wa pili kila mchemraba utaacha kidaraja cha upana uleule. Chukua ule mdogo wa sentimita 1 uuzungushe kwenye vidaraja vyote, kimoja baada ya kingine. Ukikaa sawasawa kote, lipa. Ukining'inia mahali, mchemraba huo urudie randa. Milimita tatu kwenye kabati la nguo si kitu, lakini hapa zinaua somo zima, kwa sababu mtoto anatakiwa alione kosa kwa jicho lake bila kuambiwa na mtu.

Ngazi ya kahawia inafuata vipimo hivyohivyo, isipokuwa kila kipande kina urefu wa sentimita 20. Fito nyekundu ni kumi, ya kwanza sentimita 10 na ya mwisho mita 1. Fito za namba zina urefu uleule, ila hupakwa nyekundu na buluu kwa zamu kila baada ya sentimita 10. Sanduku la vijiti ni rahisi na wengi hulisahau: vyumba kumi vilivyoandikwa 0 hadi 9, na vijiti 45 jumla. Mtoto akiweka sawa, vijiti vinaisha kwenye 9 na chumba cha 0 kinabaki kitupu. Hakuna ubao unaoeleza sifuri vizuri kuliko chumba kile. Rangi zote ziwe zisizo na madini ya risasi, maana kila kitu kitaonjwa.

Vya kununua viwe vichache. Vigogo vinne vya silinda zenye vishikio, kila kimoja na silinda kumi, usimpe fundi wa mtaani. Faida yake yote iko kwenye tundu kubana silinda yake na kukataa nyingine. Shanga za hesabu unaweza kutunga mwenyewe kwa waya na shanga za Kariakoo, kumi kumi, ukiwa na jioni nyingi na macho mazuri.

Hatua ya 5: Watoto wa kwanza

Usifungue na watoto ishirini. Fungua na sita au wanane, wa miaka mitatu na minne, uwazoeshe mkeka, trei, kurudisha kitu mahali pake na kupita bila kugusa kazi ya mwenzio. Mwezi ukiisha ongeza wawili, kisha wengine wawili. Wageni watafundishwa na wenyeji. Ukifungua milango siku moja kwa wote, utatumia muhula mzima kuwa trafiki.

Miaka mitatu hadi sita wanakaa chumba kimoja na hawatenganishwi. Wazazi watakuuliza kuhusu "beibi klasi" na "midol klasi". Waeleze kwamba mkubwa wa miaka mitano anayemfunga mdogo kamba za viatu anajifunza kuliko akiwa na wenzake wa umri mmoja. Kwa mila zetu hili si geni, nyumba zetu zote zimelelewa hivyo.

Somo la adabu lianze siku ya kwanza na liendelee mwaka mzima, kwa kuigiza, watoto watatu au wanne kwa wakati. Namna ya kupiga hodi. Namna ya kumwamkia mgeni shikamoo bila kuacha kazi ikamwagika. Namna ya kumhitaji mwalimu anapozungumza na mtu: unaweka mkono begani kwake, unasubiri. Usimsahihishe mtoto mbele ya wenzake alipokosea. Liigize tena kesho, yeye akiwepo.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kazi ya saa tatu mfululizo

Hiki ndicho kiini, na ndicho kinachokufa kwanza. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watoto wanafanya kazi walizochagua, bila kengele na bila vipindi. Hakuna "sasa hesabu, sasa kuchora". Uji unawekwa kwenye meza ndogo ya watu wawili. Mwenye njaa anajimiminia, anakunywa, anaosha kikombe, mwingine anakaa. Nyimbo, hadithi na michezo ya nje vinakuja baada ya saa tano.

Kuna wakati utajaribiwa. Saa moja hivi baada ya kuanza, chumba kinachangamka vibaya: huyu anazurura, wale wanacheka, trei zinarudishwa haraka haraka. Mwalimu mgeni huona wamechoka, anawaita wote waimbe. Asifanye hivyo. Montessori mwenyewe aliliona jambo hili na akasema ni uchovu wa bandia; ukitulia, mara nyingi watoto hutulia wenyewe na kuchukua kazi ngumu kuliko zote za asubuhi. Ukipiga makofi waje dua­rani, kazi ile haitakuja. Mwambie msaidizi wako hili kabla, kwa sababu mikono itamwasha.

Na mwalimu afanye nini muda wote huo? Anatoa somo kwa mtoto mmoja mmoja, na katikati anakaa na daftari akiandika: nani alichukua nini, alirudia mara ngapi, aliacha wapi. Sentensi mbili kwa mtoto kwa siku zinatosha. Asiseme "vizuri sana!" kila anapopita. Mtoto aliyezama kwenye kazi ukimsifu, anainua kichwa, na ameshatoka.

Hatua ya 7: Herufi

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo shule nyingi zinaitupa. Lugha yetu inaandikwa karibu kama inavyotamkwa, kama Kiitaliano alichokuwa akifundishia Montessori. Mtoto akijua sauti, anaandika. Kwa hiyo tengeneza herufi za msasa za Kiswahili, usinunue seti ya Kiingereza. Unahitaji vibao 23 vya herufi moja moja: irabu tano kwenye vibao vya buluu, na konsonanti 18 kwenye vya pinki. C peke yake hatuitumii, q na x hatuna. Ongeza vibao saba vya ch, dh, gh, ng', ny, sh na th, kila kimoja kama kitu kimoja. Kata herufi kwenye msasa laini, gundisha, na acha nafasi ya kushikia upande wa kushoto.

Kabla ya vibao, cheza mchezo wa sauti kwa wiki kadhaa. Weka vitu vitatu kwenye mkeka na useme, "Naona kitu kinachoanza na sss." Mtoto anachukua sahani. Lakini angalia mtego: Kiswahili kina viambishi mbele ya majina, na ukiokota vitu ovyo jikoni utajikuta na kikombe, kijiko, kisu na kiti, vyote k, au mkate, mkeka, mpira na mkoba, vyote m. Changanya na vitu kama bakuli, taa, ndizi, sufuria, limau, yai. Wakishazoea mwanzo, uliza sauti ya mwisho. Kwa Kiswahili hiyo karibu kila mara ni irabu, na ndiyo maana irabu wanazishika upesi.

Somo la kibao lina vipindi vitatu, chagua sauti mbili tofauti, tuseme m na a. Kaa upande wa mkono wa mtoto anaoutumia kuandika. Pitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya msasa kwa mwelekeo wa kuandika, kisha tamka: "mmm." Si "em," wala si "ma." Mpe naye apitishe, mara mbili, tatu. Fanya vivyo hivyo kwa a. Kipindi cha pili ndicho kirefu, na ndicho walimu hukikimbia: "Nipe mmm. Weka aaa juu ya goti lako. Ficha mmm chini ya mkeka. Mmm iko wapi?" Acheke, acheze. Kipindi cha tatu ni swali moja: unaonyesha kibao, unauliza, "Hii ni nini?" Akikosa, usimwambie kakosa. Rudisha vibao taratibu, kesho mnaanza upya.

Baada ya herufi kumi hivi, leta herufi za kupanga, zilizokatwa kwenye kadibodi, ili mtoto ajenge maneno mkekani kabla mkono haujaweza penseli. Kata nyingi za a, i na u, tena nyingi hasa. Seti za kutoka nje zimepangwa kwa Kiingereza. Mtoto akiandika "mama anakula papai" a zimekwisha na e zimebaki zimelala. Siku moja atapanga "mbuzi" au "ngoma" bila msaada wako. Usimwombe akusomee, maana kuandika kunatangulia kusoma, wakati mwingine kwa miezi.

Wengine wataniuliza kuhusu ba, be, bi, bo, bu. Silabi si adui, na mtoto atazigundua mwenyewe akipanga maneno. Ila akianza kwa kuimba silabi, wengi huishia kukariri wimbo, na ukimwonyesha "bi" katikati ya "kabila" hajui.

Hatua ya 8: Wazazi

Mwezi wa pili atakuja mmoja, na mazungumzo yatakuwa kama hivi:

"Mwalimu, Ibra wangu daftari lake jeupe mpaka leo. Mtoto wa jirani kashajaza mawili."

"Karibu Mama Ibra. Kaa pale kwenye kiti cha pembeni nusu saa, usimwite tu."

Atakaa. Atamwona mwanawe anachota maji, anaosha meza kwa sabuni kutoka kushoto kwenda kulia, anakausha, anafua kitambaa, anakianika. "Mbona nyumbani hata kikombe chake haondoi?"

"Nyumbani vikombe viko kabati gani, Mama Ibra?"

Kiti cha pembeni kiwe cha kudumu, na kila mzazi akikalie walau mara moja kwa muhula. Mkutano wa wazazi hauwezi kufanya kazi ya kiti hicho. Na kama Mama Ibra atakwenda nyumbani akashusha vikombe viwili kwenye kabati la chini, umepata msaidizi wa pili.

Kiingereza kitakuja, na usijidanganye kwamba hakitakuja. Msimamo wangu ni huu: kusoma na kuandika kuanze kwa Kiswahili, na Kiingereza kiingie kwa masikio, kupitia nyimbo, hadithi, majina ya vitu, na ikiwezekana mtu mzima mmoja anayekizungumza tu kila siku. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili atavuka. Anayeanza na tahajia ya Kiingereza bila kukijua Kiingereza anabeba mizigo miwili. Utapoteza wazazi kadhaa kwa msimamo huu. Waambie kabla ya kulipa ada, wasije wakadai baadaye.

Majoho ya mahafali ya chekechea sina ugomvi nayo, ila mazoezi yake yasile asubuhi za wiki tatu.

Hatua ya 9: Ada

Jumlisha mishahara ya mwalimu, msaidizi, mpishi na mlinzi kwa miezi 12, si tisa, maana likizo nao wanakula. Ongeza kodi, maji, umeme, chakula, na fungu la vikombe na fundi. Gawa kwa watoto 17, hata kama una nafasi 20, kwa sababu daima kuna watakaochelewa kulipa na mmoja atakayehama muhula wa pili. Ikitokea ada isiyolipika mtaani kwako, punguza chakula kiwe uji na tunda, au tafuta nyumba ya bei ndogo. Mshahara wa mwalimu usiuguse. Aliyefunzwa akiondoka amebeba shule.

Basi usinunue mwaka wa kwanza. Mafuta, dereva na gereji vitameza ada ya watoto wengi, na shule ya mtaani ni ya watoto wa mtaani, wanaokuja wameshikwa mkono.

Hatua ya 10: Darasa la kwanza

Mtoto akikaribia kuondoka, shule nyingi za binafsi humfanyia usaili: anakaa dawatini na penseli, anaandika jina, anajumlisha, anaulizwa maswali na mtu asiyemjua. Watoto wako watakuwa wanajua zaidi ya hayo, ila hawajawahi kuyafanya kwa namna hiyo. Wiki sita kabla, wape wakubwa meza moja yenye karatasi zenye mistari na hesabu zilizoandikwa kwa kulala, dakika ishirini kwa siku, baada ya saa tano. Wafundishe kunyoosha mkono na kusubiri kuitwa. Mwombe jirani asiyewajua aje awaulize majina yao na ya wazazi wao. Na mpe mzazi nakala ya kurasa za mwisho za daftari lako, zile sentensi mbili mbili za kila siku, ampelekee mwalimu mpya.